Jicho la Tembo wa Saruji

Jumanne, 9 Agosti 1977. Mpumudde, Jinja

Nimeingia tena kwa mlango wa nyuma. Nimekohoa mara tatu jikoni, nikangoja. Mama mkwe akajifunika leso, binti yetu Neema akapaza sauti kwamba njia ni nyeupe, ndipo nikapita chumbani kichwa chini kama mwizi wa kuku. Nyumba ni yangu mwenyewe.

Wiki ya tatu sasa. Mama alikuja kutoka Mbale kutibiwa macho. Kwa Wagisu, mwanamume na mama wa mkewe hawaonani. Hawakai pamoja, hawagusani, hawatazamani usoni. Kwetu Changamwe mkwe unampokea mzigo na kumwandalia chai. Huku unamkimbia, na ukimkimbia vizuri ndipo wanasema una adabu. Nimeoa miaka minane. Sijui kama mama huyu ni mnene au mwembamba.

Sauti yake naijua. Anaimba tenzi asubuhi akichambua maharage, kwa kupapasa, na Neema anamtolea mawe anayoyakosa. Sauti nzuri. Nimejikuta nachelewa kutoka chumbani ili ubeti uishe.

Kazini hakuna kitu. Mashine nyingi zimelala, vipuri hakuna. Sisi mafundi tunafuta vumbi na kungoja saa kumi.

Alhamisi, 11 Agosti

Mke wangu Nambozo amemrudisha mama yake kutoka hospitali. Jicho la kulia lilikufa zamani. La kushoto linafuata. Daktari amesema ukweli: wiki chache, labda miezi miwili. Yule aliyekuwa akipasua macho ameshaondoka nchini. Amempa matone, akampa na pole.

Mama hakulia. Njiani alisema jambo moja tu. Nambozo ameniambia akinipa mgongo, anakunja nguo: "Anasema atakuwa kipofu bila kujua mume wangu anafananaje."

Nimeudhika. Sijui nimeudhika na nani. Nimetoka nje nikafungua boneti ya gari bila sababu.

Ijumaa, 12 Agosti

Nimeuliza kama hakuna njia. Ipo. Mbuzi, blanketi, wazee wa ukoo wanakaa, mwiko unalegezwa, mkwe na mama wanasalimiana. Lakini anayesimamia ni kaka yake Mama, mjomba wa Nambozo. Na mjomba alichukuliwa na watu wa gari mwaka juzi, mchana, akiwa kazini kwake. Hajarudi. Kuweka mtu mwingine mahali pake ni kusema amekufa. Hakuna anayethubutu kulisema, na Mama ndiye hataki kabisa kulisikia. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Basi hivyo. Anataka kuniona, na hataki kumzika kaka yake ili anione. Namwelewa. Naumia kwa kumwelewa.

Kesho nampeleka nyumbani. Basi hawezi, watamkanyaga. Petroli nimeikusanya kidogo kidogo mwezi mzima. Nambozo hataki niendeshe mimi, anasema nikifungua mdomo tu watajua ni Mkenya, na siku hizi Mkenya hahitaji kosa lingine. Nimemuuliza aendeshe nani basi. Akachukua sindano.

Ameshona pazia la kitenge, kutoka kwenye dari hadi nyuma ya viti vya mbele. Mimi mbele peke yangu, wao nyuma. Kioo cha ndani cha dereva nimekifungua kwa bisibisi nikakitia mfukoni, maana kingeniletea uso wake. Fundi mzima, natengeneza gari kwa kulipunguza.

Neema haongei habari nyingine ila tembo. Wenzake shuleni wamemwambia kuna tembo wa saruji njia ya Mbale na watu huingia tumboni. Nimemwambia tutaona. Maana yake hapana.

Jumamosi, 13 Agosti. Mbale, jioni

Nitaandika yote.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Iganga salama. Baada ya hapo vumbi la njia ya Tirinyi, mashimo, na bila kioo sioni kitu kilicho nyuma yangu. Mama aliimba nyuma ya pazia. Nilipiga usukani kwa vidole kufuata mwendo wa wimbo. Alipotambua akaongeza kasi. Alikuwa ananijaribu. Tulikwenda hivyo labda maili tano, na nilikuwa na furaha.

Kisha kizuizi. Wanajeshi watatu na pipa katikati ya njia. Mmoja, mrefu, mwenye bunduki begani, alichungulia akaona pazia. Sura ikabadilika.

"Hii pazia ya nini? Nyinyi nabeba kahawa?"

Nikasema hapana, afande, si magendo, ni familia. Ikawa kama alivyosema Nambozo. Alinitazama upya. "Wewe mtu ya Kenya?" Nikasema nimefanya kazi Jinja miaka kumi na nne. Hakuuliza miaka. Akatushusha wote.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu. Nilisikia mlango wa nyuma unafunguka, nikajua Mama anashuka, nikafumba macho. Mbele ya mwanajeshi. Niligeuka, nikapapasa ubavu wa gari, nikasimama nimeangalia shamba la mtama macho yamefumbwa. Mtu anayefanya hivyo ana jambo la kuficha. Nilisikia bunduki ikishushwa begani. Neema alianza kulia.

Nambozo akasema haraka: "Afande, huyu mama ni mama yangu. Huyu bwana ni mukwe. Hapana onana."

Nilisubiri. Sikufumbua macho. Nimejiuliza mchana kutwa kwa nini sikufumbua, na jibu ni aibu: niliogopa zaidi kumwaibisha Mama kuliko kupigwa risasi. Au akili ilikwama tu.

Yule mrefu akaniuliza, taratibu sasa, kama nimetoa mbuzi. Nikasema bado. Akasema hata yeye bado, mama mkwe wake yuko Soroti, akienda likizo anazunguka kwa majirani ili asikutane naye njiani. Akawaambia wenzake waache. Akainua pazia, akatazama viti vitupu, akalishusha na kulinyoosha vizuri kwa mkono wake. Kisha akachukua mche mmoja wa sabuni kati ya miwili tuliyokuwa nayo, na saa yangu. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote.

Nikaendesha maili mbili, tatu. Neema alikuwa bado analia, kile kilio cha kwikwi. Mbele, kushoto, juu ya migomba, nikaona mgongo wa kijivu. Sikumuuliza mtu. Nikakata kona nikasimama.

Tembo ni mkubwa kama nyumba ya vyumba viwili. Mkonga umekatika katikati na vyuma vinachungulia. Mwenyewe ni mzee Msoga, aliyekuwa fundi mwashi wa reli. Alitupokea kwa kodheyo, salamu ndefu za Kisoga, akaeleza kabla hatujauliza: "Tembo yangu nakula saluji mingi. Sasa saluji hakuna. Mukonga nangoja." Ngazi inapanda ndani ya mguu wa nyuma. Tumboni kuna benchi. Kichwani kuna matundu mawili, macho ya tembo, unatazama barabara. Kiingilio si pesa, pesa alisema amechoka nayo. Ni sabuni. Nambozo akakata nusu ya mche uliobaki.

Mimi nilisimama nyuma ya gari, mgongo kwao, kama inavyotakiwa. Niliwasikia wakipanda. Mama alihesabu vidato kwa Kigisu. Neema aliacha kulia, akaanza kupiga kelele za tembo, na kelele zikatoka kubwa kwa sababu ya tumbo. Nilicheka peke yangu, nikaegemea gari.

Kisha kelele zikakatika. Nikadhani Mama ameanguka.

Nambozo akashuka peke yake. Alikuja karibu, macho mekundu. Akasema Mama amemuuliza mzee kama mtu wa nje anaweza kuona aliye ndani, na mzee amesema hapana, ndani ni giza. Akasema Mama amekaa akafikiri.

"Nenda usimame kule mbele, Baba Neema. Vua kofia. Usiseme kitu."

Nikamwambia ni mwiko. Nilikuwa na hasira kidogo, ndiyo kwanza nimetoka kutishiwa bunduki kwa ajili ya mwiko huohuo.

"Anasema si yeye atakayekutazama. Anasema tembo hana mkwe."

Nikaenda. Nikavua kofia. Nyasi mbele ya tembo zimekanyagwa, jua la saa sita, jasho, shati lenye vumbi la njia. Sikujua niiweke wapi mikono. Niliiweka nyuma kama askari, nikaona vibaya, nikaishusha. Nilitazama tundu la kushoto. Giza tupu. Nikajua yuko hapo.

Nilitaka kutabasamu nikaogopa ataona jino langu lililovunjika. Kisha nikasema moyoni, aone. Nikatabasamu. Lori la pamba likapita, wapakizi wakanizomea, mtu mzima amesimama juani anamchekea tembo. Sikugeuka. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo, hata mama yangu mzazi, maana alikuwa na watoto tisa na haraka. Machozi yalinitoka. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Mzee alikuwa amekaa kwenye jiwe anavuta sigara. Alianza mpya niliposimama. Iliisha, akaizima, bado niko pale.

Mama hakuimba tena hadi Mbale. Nami sikupiga usukani.

Jumapili, 14 Agosti. Mbale

Wamenilaza kwa jirani, karibu na viwanda, kama desturi inavyotaka. Baada ya kanisa kelele zilianza. Neema amemwambia shangazi wa Nambozo, dada wa marehemu baba yake, kwamba Bibi amemwona Baba. Shangazi huyu ana ulimi wa wembe. Amewaita wanawake wa ukoo uani. Amesema kama mwiko umevunjwa, mimi nisikanyage tena kwao, na Nambozo akija aje peke yake.

Nimekaa kwa jirani siku nzima na chai iliyopoa. Nilijilaumu. Niliogopa kwamba nimemnunulia Mama dakika chache na atakayelipa ni binti yake.

Saa kumi na moja Nambozo alikuja. Walimuuliza Mama kama amemwona mkwe wake. Akasema yeye ameingia ndani ya tembo, na aliyekuwa na macho pale ni tembo, basi wakamwite tembo aje ajibu. Shangazi akauliza tembo aliona nini. Mama akakataa kusema. Akasema hayo ni ya tembo. Mwanamke mmoja akacheka, wote wakaangua kicheko, na mwisho shangazi naye. Ameuliza huyo tembo yuko wapi hasa, na kama njia ni nzuri. Mume wa binti yake yuko Tororo, mwaka wa kumi na moja huu hajui sura yake.

Nimeinywa ile chai iliyopoa. Kesho narudi Jinja peke yangu. Nambozo na Neema watabaki naye hadi shule zifunguliwe.

Jumatatu, 15 Agosti. Mpumudde

Nimefika. Kwenye kizuizi walikuwa wengine, hawakuuliza kitu. Nyumba kimya. Nimekohoa mlangoni kabla ya kukumbuka hakuna mtu.

Jumapili, 2 Oktoba

Nambozo alikwenda tena Mbale Alhamisi kwa basi, amerudi leo mchana. Jicho limefunga. Ilikuwa Jumanne. Mama aliamka akauliza kama mvua inataka kunyesha, mbona pana giza, na jua lilikuwa limeshapanda. Kisha akaelewa, akaomba uji.

Nambozo alilia akinisimulia. Mama mwenyewe hakulia mbele yao. Anatembea kwa kushika ukuta. Anaimba.

Usiku wa kwanza alimwambia Nambozo alichoona tembo. Hakuwa amemwambia mtu. Alisema mume wako ni mwembamba kuliko hatua zake. Ana jino lililovunjika na analionea haya. Amelia kidogo akidhani jasho linamficha. Na bega lake la kushoto liko chini kuliko la kulia, labda kwa kubeba kitu kizito upande mmoja miaka mingi. Umkande kwa maji moto.

Nimemwambia Nambozo mabega yangu yako sawa. Akanisimamisha dirishani, akarudi nyuma hatua tano, akakunja jicho. Akaja akaligusa bega la kushoto. Miaka minane, hakuwahi kuona.

Ni sanduku la vifaa. Nimelibeba kushoto tangu nikiwa na miaka kumi na saba.

Ameweka maji jikoni sasa. Nayasikia yanaanza kuchemka.