Mume Wangu Amepigilia Misumari Madirisha Yote

Bi. Siwema mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni kwa kuwa ndani hakukaliki, nami naomba unisaidie kabla mama mkwe hajanipandisha mlima na mimba hii kubwa.

Mimi naitwa Letisia, mume wangu ni Hezekia, sote ni watu wa Vidunda mlimani lakini sasa tunakaa huku bondeni karibu na Kilosa, katika kijiji cha Ujamaa kilichoanzishwa kwenye shamba la mkonge la zamani, ambako Hezekia anafundisha elimu ya watu wazima na ndiye kiongozi wa kikundi cha redio cha masomo ya afya, na kijiji kikatupa nyumba aliyokuwa akikaa msimamizi wa shamba ili sebule iwe ya kikundi. Nyumba ni nzuri mno, ina sakafu ya saruji, siku tunahamia nilicheza peke yangu chumba hadi chumba, ila madirisha yake si haya ya kufungua kwa nje kama mlango, ni yale ya kupandisha, fremu mbili za mbao zenye vioo, moja juu ya nyingine, ukitaka hewa unaisukuma ya chini iende juu. La chumbani limeganda kwa rangi, hata wasukume watu wawili halitikisiki, la ukumbini linagonga upepo ukivuma kama mgeni anayebisha hodi, na la sebuleni ndilo lililotuletea balaa, maana lenyewe linapanda vizuri, tatizo halikai.

Siku hiyo Mzee Mwinshehe, mwenyekiti wetu wa kijiji, alikuwa akipita nje, Hezekia akapandisha dirisha akatoa kichwa na mabega ili amwamkie, na dirisha likamshukia mgongoni. Mtu mwingine angepiga kelele. Hezekia alisema shikamoo mzee, mzee akaitika marahaba, kisha akaanza kumweleza habari za ng'ombe walioingia mpunga wa watu kule Tindiga, walivyoingia, nani aliwaona kwanza, wazee walikaa wakasemaje, na mume wangu kabanwa, miguu inatafuta sakafu, anajibu naam mzee, naam, kama mtu aliyeegemea kwa raha zake. Mimi nilikuwa nyuma yake, naiona miguu tu. Nilijaribu, Bi. Siwema. Niliuma khanga, nikafikiria mambo ya huzuni, lakini miguu ile iliponyooka kama ya chura nilicheka mpaka nikakaa chini, na mzee alikuwa ameshaondoka nilipopata nguvu ya kuinuka na kumtoa.

Hakuumia ila ngozi kidogo. Alikwenda kuazima nyundo, akapigilia misumari madirisha yote ya nyumba, na alipomaliza akanitazama akasema, "Sasa cheka."

Tangu hapo hatuna hewa. Kikundi kikikutana watu wanajaa sebuleni, redio inasema nyumba iwe na madirisha, yafunguliwe, hewa ipite, na wanakikundi wanajipepea kwa vitabu vyao huku wanatazamana, hakuna anayethubutu kuuliza, na kiongozi mwenyewe jasho linamtiririka. Nikimwambia tutafute fundi anasema mafundi wote wameshikwa na kazi ya kutengeneza madawati ya shule, tena hayo ni madirisha ya kibepari, yalitengenezwa kumbana mnyonge. Nilipochukua nyundo ning'oe mwenyewe aliniondolea mkononi, akasema watu wakimwona mkewe katika hali hii ananing'inia dirishani watauliza yeye ni mume wa namna gani.

Kisha akaja mama yake, Mama Yudith, kutoka Vidunda, amekuja kumsubiri mjukuu. Amezoea hewa ya mlimani. Alilala siku moja tu, asubuhi akamwita mwanawe mbele yangu akamwuliza, "Umenikaribisha nyumbani, au umeniweka kihengeni?" Akasema mjukuu wake hazaliwi ndani ya ghala la mahindi, na kama mwezi huu utaisha madirisha hayajafunguka atanichukua nikazalie kwake. Hezekia akajibu kwamba nikiondoka nitakuwa nimechagua kati yake na mama, akaenda shambani bila kunywa chai. Mume wangu nampenda, mama yake nampenda, na kicheko changu ndicho kilichotufikisha hapa. Niende au nikae?

Letisia

*

Letisia binti yangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya ile miguu. Nimecheka, kwa hiyo tumekosa wawili, lakini mimi si mke wake. Wewe ulipaswa kumtoa kwanza ukacheka baadaye, jikoni. Mwanamume aliyebanwa mbele ya mwenyekiti wake, kicheko cha mkewe kinamuuma kuliko mbao. Mwombe radhi kwa maneno machache. Usimsimulie ilivyokuwa, maana utacheka tena.

Na wewe Hezekia, najua unasoma. Dirisha halina siasa, mwanangu. Kamba inayolishikilia ikikatika, litamwangukia hata huyo msimamizi. Huwezi kufundisha watu hewa safi ukiwa umeifungia nje kwa misumari. Na mke mjamzito hatishwi. Usirudie.

Sasa nisikilizeni. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli, tumekaa katika nyumba zenye madirisha kama hayo, nayajua kama masufuria yangu. Misumari ing'oeni kwa nyundo, mkiweka kipande cha ubao chini yake ili fremu isibonyee. Lile lililoganda halitaki nguvu, linataka kisu. Aliyelipaka rangi alilipaka likiwa limefungwa. Pitisheni kisu chembamba kwenye ufa pande zote, ndani na nje, kisha mligongegonge taratibu kwa ngumi iliyofungwa kitambaa mpaka mlisikie limeachia. Pakeni sabuni kavu au mshumaa linamopita. Likibana bado wakati wa masika, liacheni, ni mbao imevimba kwa mvua. Mkilipiga randa sasa, kiangazi litacheza kama jino la mtoto. Hilo linalogonga, ule ubao mwembamba unaolizuia kwa ndani umekaa mbali nalo. Ubandueni, usogezeni, mpigilie tena, lakini liachieni nafasi ya kupita.

La sebuleni limekatika kamba. Ndani ya mihimili ya pembeni mna uwazi, na kila upande huning'inia chuma kizito kwa kamba inayopita juu ya gurudumu dogo hadi ubavuni mwa dirisha. Chuma kikishuka, dirisha linapanda, nalo hukaa pale unapoliacha. Kamba ikioza, chuma kinalala chini na dirisha linabaki yatima. Bandueni ubao wa ndani, litoeni dirisha, mmoja alishike, na huyo mmoja asiwe wewe, Letisia. Sehemu ya chini ya mhimili tafuteni kifuniko kidogo cha mbao, huenda rangi imekificha. Chuma kimo humo. Chukueni uzi, mwisho wake mmoja mfunge msumari uliopinda, mwuteremshe kupitia gurudumu. Ukitokea chini, ule mwisho wa juu fungeni kamba mpya, mvute mpaka itokeze, muifunge kwenye chuma, na mwisho wake wa juu muufunge ubavuni mwa dirisha. Badilisheni kamba za pande zote mbili hata kama moja ni nzima, zimezeeka pamoja. Mpaka kazi iishe, dirisha hilo hata mkilikingia gogo, mtu asipitishe kichwa.

Na msiniambie kamba hakuna. Mnaishi katikati ya mkonge.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja, kwa hiyo mpe mama mkwe sehemu yake. Mama aliyekuja kumsubiri mjukuu akikosa kazi hutafuta safari. Huendi Vidunda, binti yangu. Kaa, uende kwa mkunga wako kama kawaida, na leo hii mtafute kisu chembamba.

*

Jibu hilo nilimpelekea kwa posta, sikungoja gazeti, kwa sababu mwezi ulikuwa ukingoni. Sasa Letisia ameniandikia tena, na anasema wasomaji nao wasomewe.

"Hezekia alilisoma jibu lako akiwa amesimama, halafu akakaa. Nikamwomba radhi kwa maneno machache kama ulivyoniagiza. Akaniuliza, 'Hivi miguu yangu ilikuwaje?' Nikamwonyesha, na tumbo langu lile. Alicheka yeye kwanza, Bi. Siwema, naapa, tena alicheka mpaka mama yake akatoka uani kuja kutazama.

"Mama Yudith alikaa barazani akisokota kamba ya mkonge pajani, huku akimwambia mwanawe kwamba huko nyuma hakujua amezaa fundi. Hezekia alilishika dirisha, mama akavuta uzi, mimi nikakaa kitini na kutoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Kamba ya kwanza tuliikata ndefu, chuma kikagota chini kabla dirisha halijafika juu, tukaipunguza. Ya pili ilikaa sawa. Siku ya kikundi watu walipanga foleni kulipandisha kwa kidole kimoja, na Mzee Mwinshehe alirudi kwenye foleni mara ya pili. Wamemwomba Hezekia akafungue na madirisha ya zahanati.

"Nilishikwa na uchungu asubuhi ya Jumapili, kwenye chumba kile ambacho dirisha lake lilikuwa limeganda kwa rangi, sasa likiwa wazi, upepo unaingia. Watu walikuwa wanatoka kanisani, wakasimama nje wakisubiri pamoja na Hezekia. Mtoto alipolia, sauti ilipita moja kwa moja ikawafikia, na vigelegele vikaanza huko nje kabla mimi mwenyewe sijajua nimezaa nini."