Nyonga za Tausi

Jumamosi, 8 Februari

Nimeosha banda. Nimempima Tausi kwa mizani ya kahawa, kilo thelathini na moja. Masikio safi. Meno safi. Hana kupe. Nimemwangalia chini ya mkia kama ninavyofanya kila asubuhi tangu mwaka uanze. Bado hakuna damu. Joto lake la mwisho lilikuwa Agosti, kwa hivyo haliko mbali.

Ana miaka miwili na nusu, na ndiye wa mwisho. Mume wangu Njeru alifuga hawa mbwa wa Kijerumani tangu tulipooana, kutoka mama hadi binti. Tausi alizaliwa mikononi mwake, miezi michache kabla hajafa. Nataka azae mara moja tu. Nataka kusikia tena vile vilio vidogo ndani ya sanduku la mbao jikoni.

Hapa Kanja mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi huitwa Mwalimu. Hatukujaliwa. Lakini kila jike alipozaa hapa, mimi ndiye niliyekaa chini na kitambaa, nikiwafuta mmoja mmoja mpaka wapumue. Nataka hilo tena. Sioni aibu kuliandika.

Alhamisi, 13 Februari

Mutuma amepiga simu kutoka Laare. Analima miraa, na dume wake, Komando, ndiye niliyemchagulia Tausi. Tulielewana tangu Desemba. Kwa kawaida jike ndiye hupelekwa kwa dume, lakini yeye huja Embu mara kwa mara na amesema atamleta mwenyewe. Komando amepigwa eksirei ya nyonga. Nzuri. Damu imepimwa pia, hana ule ugonjwa wa kutupa mimba.

Sasa Daktari Kawira, yule wa mifugo wa Embu, anataka Tausi apimwe vivyo hivyo kabla hajapandishwa. Nimekubali, kwa kinyongo kidogo. Njeru hakuwahi kumpiga mbwa eksirei. Alimtazama akitembea, basi.

Jumamosi, 15 Februari

Embu. Tausi alidungwa dawa ya usingizi, akalazwa chali, miguu ya nyuma ikanyooshwa. Nilimshika kichwa mpaka nikaambiwa nitoke.

Kisha picha. Daktari alinionyesha kwa kidole. Kichwa cha mfupa wa paja kinapaswa kukaa ndani ya nyonga kama ngumi iliyofunikwa na kiganja. Vya Tausi vimekaa nje nje, vinachungulia. Kushoto vibaya. Kulia afadhali kidogo.

"Lakini hachechemei," nikasema.

"Bado. Mwalimu, hii hurithiwa. Tafadhali usimpandishe."

Nikauliza kama watoto hawawezi kumfuata baba. Wengine wataponea, akasema, na wengine hawataponea, na hata walioponea wanaweza kuwapa watoto wao. Damu yake haina ugonjwa. Nilifurahia hilo kama mjinga.

Afadhali nisingeiona hiyo picha.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa nikimfikiria Malkia, mama yake Tausi. Miaka ya mwisho aliinuka kwa shida, hasa asubuhi za baridi. Njeru alisema alipigwa teke na ng'ombe. Mimi sikuliona hilo teke.

Je, Njeru alijua? Nataka dakika tano tu za kumuuliza. Nina hasira naye, na natamani angekuwa hapa nimkasirikie.

Jumatano, 19 Februari

Nyaga amepiga. Ni mdogo wake Njeru, alihamia Kiambere kulima ndengu. Ana Chui, ndugu yake Tausi wa uzao mmoja, na ameshampandisha kwa majike kadhaa huko.

"Shemeji, mbwa anaruka ua namna ile, halafu unaambiwa ni mgonjwa? Hawa madaktari wa siku hizi!" Akacheka sana.

Nilitamani aendelee kunicheka mpaka nimwamini. Nitaenda Jumamosi.

Jumamosi, 22 Februari

Kiambere. Jua kali, vumbi. Chui ni mzuri kuliko nilivyomkumbuka. Kifua kipana, anatembea kama anayeogelea. Moyo ukanipanda. Niseme ukweli, nilikuwa nimefuata ruhusa.

Kisha nikamwona mtoto wake. Jike, miezi saba, Nyaga alibaki naye. Alikuwa amelala chini ya ghala. Alipoitwa aliinua miguu ya mbele, akangoja, halafu akaivuta ile ya nyuma. Akaja mbio akiruka kama sungura, miguu ya nyuma ikitua pamoja. Alipofika kwangu akaketi ghafla. Nilimgusa nyonga. Aligeuza kichwa, nikadhani ataniuma. Akanilamba mkono.

"Huyo ni mvivu tu," Nyaga akasema.

"Si mvivu. Anaumwa."

Mkewe, aliyekuwa akipepeta ndengu, akasema bila kuinua macho, "Akiamka asubuhi hulia." Nyaga akamtazama. Hatukuongea tena habari za mbwa.

Sikupata nilichokifuata.

Jumatatu, 24 Februari

Sitampandisha. Nimeandika hapa ili nisome kesho.

Ijumaa, 28 Februari

Damu. Matone mawili kwenye saruji, kabla sijaenda shule. Nilikaa bandani nikalia. Wiki zote hizo nikiyangoja, na yamekuja.

Nimemfungia. Madume wa kijiji wameshajua, wanne wako langoni. Sijamwambia Mutuma.

Jumapili, 2 Machi

Nimemwandikia Mutuma ujumbe, nikaufuta. Mara tatu. Mwishowe yeye akauliza: ameanza? Nikajibu: juzi. Akasema atakuja Jumamosi, siku ya tisa. Nikajibu sawa.

Sawa! Nafundisha watoto kusema ukweli tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Mimi ni mwoga.

Na si woga peke yake. Sehemu yangu moja inataka aje. Inataka mambo yatokee yenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Mutuma alifika saa nne na pikapu. Komando nyuma, amefungwa kwa kamba, tayari ananusa upepo. Tausi bandani akaanza kulia ule wimbo wao. Mkia pembeni. Alikuwa tayari kabisa.

Ufunguo wa banda ulikuwa mfukoni mwangu. Niliushika.

Mutuma alishuka akitabasamu, akanisalimu kwa mikono miwili. Nikamwambia pale pale langoni, kabla hajamfungua dume. Picha, nyonga, Kiambere, yote. Nilisema haraka kama mtoto anayekariri.

Akasema, "Mwalimu, nimetoka Laare alfajiri. Mbona hukunipigia?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Hapana. Niliogopa kujisikia nikisema."

Akatazama banda. Tausi alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ameshika wavu. "Lakini angalia, anasimama sawa. Na Komando yuko vizuri. Labda watoto watamfuata." Akateremsha sauti. "Mimi siwezi kumwambia mtu. Uamuzi ni wako. Sema tu."

Alisema kwa wema. Hilo ndilo lililoniumiza. Nilifikiria sanduku jikoni. Wanane, labda tisa. Macho yakifunguka siku ya kumi na mbili. Nilifikiria hata harufu yao. Kisha nikafikiria ulimi wa yule wa Kiambere mkononi mwangu.

"Hapana," nikasema. "Rudi naye. Nisamehe."

Alikunywa chai amesimama. Akauliza atawaambia nini watu wa kwao waliongoja mbwa wa kulinda mashamba. Nikasema awaambie kilichoonekana kwenye picha. Alitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kunishangaa. Akampapasa Komando. "Haya, kijana, twende nyumbani. Mwalimu amekataa."

Tausi alilia mpaka jioni. Sikuenda kumnyamazisha. Ningemwambia nini?

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imeanza.

Malkia alizaa saba mara ile. Tausi, Chui, na watano waliokwenda kwa watu. Leo nimewapigia hao watu wote watano na kuwaambia wasiwazalishe mbwa wao kabla ya kuwapima. Mmoja alinishukuru. Mmoja alikata simu. Wa tatu alisema wake alishakufa, aligongwa na lori. Mzee mmoja wa Runyenjes aliniuliza kama naona raha kulichafua jina la marehemu. Nikamjibu sioni raha yoyote. Wa tano ni mama wa Chuka. Alisema, "Kumbe ndiyo maana hapandi ngazi. Nilikuwa nikimchapa."

Akalia. Nami nikalia. Hatujawahi kuonana.

Jumapili, 6 Aprili

Ujumbe kutoka kwa Nyaga, wa kwanza tangu Kiambere. Amempeleka yule jike mdogo kwa Daktari Kawira. Amepewa dawa ya maumivu na ameambiwa asinenepeshwe. Chini yake ameandika: Chui amehasiwa. Hakuna pole, hakuna shemeji. Nimeusoma mara nyingi.

Nilitamani kumsomea Njeru.

Jumamosi, 7 Juni

Leo Tausi amefungwa kizazi. Tuliambiwa tungoje miezi miwili au mitatu baada ya joto. Daktari aliniuliza kama niko tayari. Nikasema ndiyo. Sikuwa.

Nilikaa kwenye benchi nje. Kazi ya saa moja hivi. Alipotoka alikuwa amelegea, tumbo limenyolewa, ulimi nje. Nilimfunika kwa shali yangu nikamrudisha nyumbani nimempakata.

Nimejisikia kama namzika Njeru mara ya pili. Kazi yake yote imeishia mikononi mwangu. Najua nimefanya sawa. Haipunguzi kitu.

Jumatano, 11 Juni

Jana hakula. Leo amekula. Ugali na omena, nusu sahani.

Jumapili, 22 Juni

Ukungu tangu asubuhi, kisha jua kidogo baada ya kanisa. Mshono umekauka. Manyoya ya tumboni yameanza kuota, laini, ya rangi ya majivu.

Tulitembea hadi kwenye kijito na kurudi. Polepole, bila mteremko mkali. Mama Mugo wa jirani alikuwa akichuma sukuma kando ya ua. Akasimama, akamtazama Tausi.

"Huyu atazaa lini, Mwalimu? Kijana wangu anataka mmoja."

"Hatazaa."

Nilingoja moyo unishtuke. Haukushtuka.

"Kwa hivyo ni wa kukaa tu?"

"Ni wa kukaa."

Akasema ni vizuri kuwa na wa kukaa naye, akanipa fungu la sukuma, akaendelea kuchuma.

Nawataka bado, wale watoto. Sidhani kama itaisha. Nimeweka chai motoni. Tausi amelala mlangoni, penye jua, ubavu wa kulia chini.