Hoteli Inayotazamana na Nyumba ya Saidi

Ifakara, Jumatatu usiku, 1955

Nimeshaamua, na sibadili. Dar es Salaam tutalala kwenye hoteli ile inayotazamana na nyumba ya kaka yangu Saidi.

Leo dereva wa lori la mchele amenisifia nyingine, safi, karibu na bandari. Nimekataa. Nataka chumba cha mbele, majirani wa Saidi waone mdogo wake analala hotelini usiku wa kuamkia safari ya Hija.

Tulipompeleka binti yetu Zuhura hospitali huko Dar es Salaam, Saidi alisema nyumba yake imejaa. Tukalala kwenye baraza ya duka, mtoto anatetemeka kwa homa.

“Baba Zuhura, unakwenda Makka na kinyongo?” mke wangu ameniuliza.

Naogopa Hija yangu isikubaliwe. Basi nitamsamehe, meli ikishang'oa nanga.