Udongo wa Jabez Entwistle

Kambi ya Mfereji, Lancashire
14 Oktoba 1771

Dada yangu Tamar,

Pokea salamu kutoka kwenye matope. Natumaini kikohozi kimekuachia na mama anakula vizuri. Mimi ni mzima, ila buti zangu ndizo marehemu.

Uliniuliza kwa nini Jabez Entwistle, mchumba wako uliyemwacha, alifukuzwa kazi, nami nikakujibu kwa mkato. Leo nakupa habari kamili.

Mhandisi gani yule! Fundi wa vinu vya maji aliyevishwa cheo. Mimi, msaidizi wake, nimesomea hesabu miaka minne. Yeye hupima mteremko kwa kufumba jicho moja, huku anatafuna jibini. Siku wenye mfereji walipokuja kukagua, aliwapokea pekupeku, matope hadi magotini, akiswaga ng'ombe. Niliona haya hadi masikio yakawaka moto.

Na hao ng'ombe ndio elimu yake yote. Eti mfereji hauwezi kushika maji mpaka upakwe udongo wa mfinyanzi uliolowa, kisha ng'ombe waukanyage huku na huku hadi ushikamane. Unapakwa tena, unakanyagwa tena, mara tatu. Nilimwuliza kama ng'ombe wake nao wamehitimu. Wachimbaji walicheka, yeye akaniambia tu, "Wewe kanyagisha, msomi."

Mwezi wa Agosti alikwenda kujenga daraja, akaniachia kipande kinachopita juu ya shamba la mzee Ollerenshaw. Aliporudi, maji yakafunguliwa kwa tarumbeta na pombe. Siku ya tisa, mchana kweupe, ukingo ukapasuka. Shayiri yote ilisombwa, kondoo thelathini wakafa, na mzee Ollerenshaw tukamteremsha kutoka juu ya paa la zizi akitetemeka.

Jabez alishuka kwenye lile pengo, akafinya bonge la udongo, akanitazama. Wenye mfereji walimfokea mbele ya wachimbaji, wakamwita mshamba na mbumbumbu, wakamfukuza. Akawajibu kwamba kazi ni yake na lawama ni yake, akachukua koti akaondoka. Nafasi yake nikapewa mimi.

Dada, udongo ule ulikanyagwa mara moja tu. Nilichoka kunuka samadi na kuchekwa na wachimbaji, nikawarudisha ng'ombe kwa wenyewe, kisha nikamwambia Jabez tumemaliza zote tatu. Alipoufinya alijua. Nilimfuata njiani nikamwuliza kwa nini hakunitaja.

Akasema, "Nimtaje shemeji yangu?"

Kesho yake ndipo nilipokuandikia uvunje uchumba. Sikukuandikia kwa ajili yako. Nilishindwa kufikiria nimekaa naye meza moja maisha yangu yote, na yeye anajua.

Asubuhi hii nimewaeleza wenye mfereji kila kitu. Wamenifukuza, wakatuma mtu akamwite. Yuko kwa kaka yake, mjini Bolton, anachonga magurudumu ya vinu. Kuhusu uchumba, amua mwenyewe. Ushauri wangu umeshauona. Ukimrudia, nitakuja harusini na nitamwomba radhi mbele ya watu wote. Lakini asitegemee nitampenda. Yule mtu amenibebea aibu yangu, na mpaka leo sijui nimtazame kwa macho gani.

Msalimie mama, na majirani wanaoniulizia. Waambie narudi nyumbani.

Mdogo wako,
Obadiah