Singo ya Pili Ataimba Leanne

Mtaa wa Holly, Nashville, Tennessee
9 Februari 1998

Mpendwa Shangazi Oleta,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye mvua. Huko Alaska theluji imewaachia hata mlango wa kutokea? Na goti lako linasemaje? Sisi wazima, ila mwezi wa Novemba niliugua koo wiki nzima, na koo hilo ndilo lililoleta haya yote.

Albamu yetu sisi ndugu watatu imetoka. Kaseti yako iko humu kwenye bahasha. Singo ya kwanza, yaani wimbo mmoja wa albamu unaotangulizwa redioni, niliimba mimi; redio ziliicheza kidogo zikaisahau. Kampuni inayoturekodi imetuambia wazi kwamba ya pili ikianguka, mkataba umekwisha, turudi Kentucky kuimba harusini.

Sasa sikia. Nilipougua, mdogo wangu Leanne aliimba ule wimbo wa mjane anayepiga pasi mashati ya mumewe, ili wapiga vyombo wapate sauti ya kufuata. Sauti ya namna hiyo hufutwa, kisha mwimbaji mwenyewe huja kuweka yake. Nikaja, nikaimba bila kosa. Prodyuza akazicheza zote mbili, akabaki anakuna kichwa. Garland, na unamjua kaka yetu alivyokosa adabu, akasema, "Dada, wewe umeimba kama unasoma bei dukani. Huyu mdogo wetu kaimba mpaka nikasahau gitaa."

Niliumia, Shangazi, sikufichi. Miaka yote anayesimama mbele ni mimi. Nikajifungia garini, nikamnunia kila mtu. Nilipousikiliza tena peke yangu alivyouimba Leanne, nililia kabla ya kiitikio. Basi nimewaambia kampuni singo ni hiyo, kwa sauti ya Leanne. Itapanda, wala sina wasiwasi.

Kazi ni Leanne mwenyewe. Anaona ananipora. "Dada, pale mbele ni pako. Mimi nimezoea pembeni."

Mwisho wa mwezi tunauimba mbele ya watu wa redio, kwa hiyo tafadhali mpigie simu. Wewe ndiye uliyetufundisha kupanga sauti kanisani, hawezi kukubishia.

Jana mazoezini aliganda nyuma ya Garland. Sikubishana naye. Nilikishusha kile kisimamio cha maikrofoni mpaka kimo chake, nikaenda kusimama kushoto, nikaanza kuimba sauti ya kuitikia, peke yangu. Ikabidi aje.

Nisalimie Mzee Roscoe na binamu Tammy. Mungu awape joto na afya.

Nikupendaye daima, mwitikiaji mpya wa familia,
Rhonda