Kabichi za Mbegu

Jumatano, 16 Januari

Mjinga wa kuziba matundu ya ukuta wa mawe! Tena kwa saruji! Nimekwenda zahanati kuchomwa sindano ya goti, saa mbili tu, narudi namkuta mkamwana wangu Hye-rim kachuchumaa kwenye bustani ya uani, mikono ya kijivu mpaka viwikoni, anatabasamu kama aliyejenga hekalu. Eti: "Mama, nimezuia upepo. Kabichi zako hazitaona baridi tena."

Nikamwambia matundu hayo babu wa mume wangu aliyaacha kwa makusudi. Upepo wa kisiwa hiki cha Jeju hauzuiwi. Unapewa njia upite. Ukiunyima njia, unajitengenezea. Akasema kwao bara ukuta ni ukuta. Kwao bara! Mwaka wa tatu anakula figili zangu na bado yuko kwao bara. Na mwanangu yuko melini, hayupo wa kumkanya.

Saruji imeshakauka. Kubomoa siwezi — kugusa mawe ya nyumbani kabla ya juma la miungu ni kuita ugonjwa. Mpaka miungu walinzi wa nyumba wapande mbinguni kubadilishana zamu, bado siku tisa.

Jumamosi, 19 Januari

Ukuta umeanguka. Asubuhi, tunakunywa chai. Pande la hatua sita, lote kwa ndani. Kabichi mbili zimekuwa uji. Tisa zimebaki, ziko uchi, upepo wa bahari unazipiga usoni.

Hizi si za kula. Za kula ni figili na spinachi, tunazichuma tangu Novemba. Hizi ni za mbegu. Mbegu ya mama mkwe wangu, aliyopewa na mama mkwe wake. Zinakaa nje baridi yote, Machi zinatoa maua, Juni napukuta. Chupa ya mwaka jana iliingia unyevu, ikaota ukungu, nikaimwaga. Basi ni hizi tisa, au tumekwisha. Wol-seon jirani siku hizi anapanda za pakiti, hana hata punje.

Hye-rim amelia. Kisha akainama kupanga mawe palepale. Nikampiga kofi mkononi.

"Mama, miungu watakasirika kwa jiwe?"

"Kwa jiwe moja Wol-seon alilala miezi mitatu."

"Alianguka ngazini, Mama."

"Na nani alimsukuma?"

Akaliweka jiwe chini.

Jumapili, 20 Januari

Redio inasema kesho theluji na upepo mkali. Theluji haina neno, theluji inatia kabichi utamu. Chumvi ndiyo inayoua. Upepo wa bahari ukiipiga siku mbili mfululizo, moyo unaoza.

Nimezifunika magunia. Yakaruka mpaka kwa Wol-seon! Ameyaleta mwenyewe, meno yote nje: "Dada, siku hizi unanitumia nguo za kufua?" Akachungulia bustani. "Hizo zitakuwa chakula cha ng'ombe." Ng'ombe yeye. Sikumpa hata chai.

Jumatatu, 21 Januari

Gari! Hye-rim kaingiza gari! Lile lake jipya, jeupe, ambalo mwenye viatu vya matope hapandi. Kapita nalo langoni, kakata uani, juu ya mistari miwili ya figili zangu, akalisimamisha ubavu kwenye pengo la ukuta. Akashindilia magunia chini ya tumbo la gari. Akashuka.

"Mama, hili si jiwe."

Nikamgombeza kwa ajili ya figili.

Theluji imeanza saa nane mchana.

Jumatano, 23 Januari

Upepo bado. Supu ya figili zilizopondwa, asubuhi na jioni.

Alhamisi, 24 Januari

Jua! Nimepiga magoti — goti na lilie litakavyo — nikafunua kabichi moja moja. Majani ya nje yameungua, makavu kama karatasi. Ndani njano, ngumu. Ya pili, njano. Ya tatu. Mpaka ya tisa! Nikakaa kwenye tope kama mtoto. Nilisema ahsante, sijui nilimwambia nani.

Gari, upande wa bahari, limeganda chumvi kama samaki wa kukaushwa. Rangi ya mlango imeanza kubabuka. Hye-rim aliliangalia, akachukua kikapu. Alipokwenda sokoni nikabeba ndoo nne za maji nikalisugua. Akiuliza, mvua ilinyesha.

Jumamosi, 26 Januari

Miungu wameondoka tangu jana. Hakuna wa kutuona, kijiji kizima kinahama nyumba, majokofu yanapita juu ya malori. Sisi, mawe. Mimi nachagua, yeye anabeba. Saruji tumeigonga yote kwa nyundo. Kila akiweka jiwe anapitisha vidole kwenye tundu: "Mama, linatosha?" "Ongeza." Anaongeza. Ana mkono mzuri. Sijamwambia.

Saa kumi tumefunga pengo. Upepo umekuja, ukapita ndani ya ukuta ukipiga mluzi, ukaenda zake. Jiwe halikutikisika. Wol-seon alisimama njiani, kakosa la kusema. Umri huu wote sijawahi kuliona hilo!

Limebaki gari. Matairi yamezama, na njia aliyoingilia ni shimo la matope. Hye-rim anasema akirudi nyuma kidogo na kukata kushoto atatoka, zitakufa kabichi mbili tu, saba zinatosha kwa mbegu. Zinatosha! Kaambiwa na nani? Nimemwambia angoje. Naandika huku natazama dirishani. Kashika ufunguo. Kafungua mlango. Injini hiyo —

We Hye-rim! Zima! Zima, ushuke! Nenda kwa Wol-seon, mwambie nimemwita dada kwa heshima zote, umwombe wanawe wanne na wakwe zake. Gari hilo litabebwa mabegani kama jeneza. Halirudi nyuma hata shubiri moja!