Nilipofuta Kontena la Kisarawe

Jumatano, 9 Julai 2025

Kikao cha asubuhi kimeniacha mdomo mkavu. Jabiri — bosi wangu, mdogo kwangu kwa umri, mpole hata anapokukata — katangaza kwamba programu zote za kampuni sasa zitaingia kwenye makontena. Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Nami nikatikisa. Sikuelewa kitu!

Nimeandika programu tangu Elinipa wangu yuko tumboni. Sasa yuko kidato cha tatu. Na leo nimejiona mshamba.

Jumapili, 13 Julai

Mwili kanisani, akili kwenye masomo ya mtandaoni. Imeji. Kontena. Volyumu. Yule mwalimu wa video anaongea kama anafukuzwa na mbwa. Leodegar kaniuliza: kontena la nini tena mke wangu, unafungua duka? Akacheka. Mimi nikaenda kulia bafuni. Mtu mzima!

Jumatano, 16 Julai

Jabiri kaniketisha. Kasema imeji ni kama kalibu ya matofali, kontena ndilo tofali lenyewe. Programu na kila inachohitaji vimefungwa humo, kwa hiyo itafanya kazi kwenye kompyuta yoyote, si yangu tu. Likiharibika usihangaike nalo. Vunja, fyatua jingine.

Hapo nikaelewa! Nikafyatua la kwangu. Likasimama, likaanguka. Likasimama tena. Nikampigia Leodegar, akadhani nimepata ajali kwa kelele nilizopiga.

Ijumaa, 18 Julai

Furaha imeisha. Nimepewa kliniki ya watoto wa sikoseli, Kisarawe, niwafungie mfumo wa kutunza taarifa zao. Nikamwambia Jabiri bado najifunza. Kasema utajifunzia humo humo, dada Laurensia.

Somo la volyumu nimeliruka. Refu. Nitalisoma wikiendi.

Jumanne, 22 Julai

Kisarawe. Mfumo umewaka mara ya kwanza tu — nusura nirukeruke. Sikusoma lile somo, lakini mbona unafanya kazi?

Anayeutumia ni nesi Biasha, mwenyeji wa huku huku, mkubwa kwangu. Anachapa kwa vidole viwili. Zamani kila mzazi alitunza daftari la mtoto wake, mengi yameloa, mengi yamepotea. Sasa anawaita mmoja mmoja. Mtoto kundi gani la damu? Anatumia dawa gani? Dawa gani inamdhuru? Anauliza taratibu, kama mtu anayeposa.

Kaniambia: "Mdogo wangu, hiki kitu kingekuwepo mapema, kuna watoto tungekuwa nao mpaka leo."



Jumanne, 5 Agosti

Mungu wangu.

Biasha alipiga simu, mfumo mzito. Nikaingia kwa mtandao kutoka hapa Kibaha. Nikafanya kama nilivyofundishwa — vunja, fyatua jingine. Likaja zuri, jepesi. Na tupu. Hakuna mtoto hata mmoja.

Nimetafuta mpaka wenzangu wakaondoka ofisini. Hakuna.

Jumatano, 6 Agosti

Jabiri hakufoka. Bora angefoka. Kauliza tu: volyumu uliweka wapi?

Volyumu. Ni sehemu ya nje ya kontena, ndiko taarifa zinakotakiwa kukaa. Zikikaa ndani, kontena likifutwa zinakufa nalo. Basi. Ndilo somo lenyewe. Nakala ya akiba? Hatukuwa tumeipanga. Hata yeye hakuuliza.

Akampigia mganga mfawidhi wa kliniki mbele yangu. Umeme umeunguza kompyuta yenu, mkuu, poleni sana. Akakata simu. Akaniambia nenda kesho ukawafungie upya, na usiseme sana, kampuni hii inalisha wengi.

Nikanyamaza. Nyumbani Leodegar kauliza nina nini, nikasema kichwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Kisarawe, kwenye benchi, nje ya chumba cha daktari.

Nimefika, Biasha macho mekundu. Nikasema shikamoo dada. Hakuitikia hata marahaba. Akaanza moja kwa moja: "Ni mimi, mdogo wangu. Juzi umeme ulikatika, uliporudi nikaiwasha kompyuta palepale, sikungoja. Mfawidhi kasema ndiyo nimeiunguza. Nisamehe."

Anaomba msamaha kwangu! Kwangu mimi!

Nikamwambia si wewe. Hakuna kilichoungua. Nimefuta mimi, kwa kutojua.

"Kwa hiyo si mimi?"

Si wewe, dada.

Akakaa. Akasema hakulala. Nikangoja anitukane — nilitaka anitukane. Hakuwahi. Akaingia bibi mmoja, Bi Tatu, kambeba mjukuu wake mgongoni. Seifu. Miguu inamuuma, mtoto analia mpaka sauti imekauka. Akapelekwa ndani.

Mfawidhi anataka kumchoma sindano ya maumivu. Biasha akamzuia mkono. Kuna dawa ilimvimbisha huyu mtoto uso mpaka akashindwa kupumua. Ipi? Hakumbuki. Watoto ni wengi. "Niliandika," akasema. "Mama yake alinitajia, nikaandika mwenyewe!"

Daftari la Seifu lilishapotea, na Bi Tatu hajui jina la dawa. Anayejua ni mama mtu, Firdausi. Kaenda kijiji cha Janga kuvuna mihogo kwa dada yake. Hapatikani.

Mfawidhi akanigeukia mimi. Mtaalamu, hakuna hata kipande kilichobaki humo?

Nikasema hakuna. Nikasema na sababu. Kwamba si umeme, si Biasha, ni mimi. Yote yakatoka mbele ya bibi wa watu na mtoto akilia. Mfawidhi akanitazama kidogo tu. Akamrudia mtoto. Hana nafasi ya kunikasirikia sasa.

Wamemtundikia dripu ya maji. Dawa mbili ziko kwenye sinia, mfawidhi hajagusa hata moja. Biasha anamkanda miguu kwa kitambaa cha moto, anamwimbia kitu cha kwao nisichokielewa. Mimi nimetolewa nje. Naandika kwa sababu mikono haina kazi nyingine.

Bi Tatu yuko hapa pembeni na simu yangu, yake haina chaji, anampigia Firdausi. Jabiri kapiga mara mbili. Nimekata mara mbili. Halafu ujumbe: umeshamaliza? Sikujibu, nikamrudishia bibi simu.

Haipatikani. Haipatikani.

Seifu kanyamaza huko ndani. Sijui kama ni nafuu au siyo nafuu. Bi Tatu naye kasikia ule ukimya, kanishika goti kwa nguvu, kidole gumba kinabonyeza namba tena.

Inaita.

Ee Mungu, inaita —